Shule mbadala ya umma Marekani yenye kiwango cha kuhitimu 45%: takwimu zake zisomwe vipi?

MleziWaKijana

Wakuu habari zenu. Naomba msaada wa wanaoujua mfumo wa shule za umma Marekani, hasa California.

Kijana ninayemlea ana miaka 17, yuko darasa la 11, na muhula wa kwanza umeisha akiwa na krediti 95 (pointi za masomo aliyofaulu). Wilaya yetu inadai krediti 220 ndipo apewe diploma. Mshauri wa shule anapendekeza ahamie shule mbadala ya wilaya hiyohiyo, ile ya waliobaki nyuma kwa krediti. Nimefungua ukurasa wa takwimu wa hiyo shule nikakuta: wanafunzi 118, kuhitimu kwa miaka minne 45%, waliofikia kiwango katika hesabu 3%, utoro sugu zaidi ya nusu, wanaojifunza Kiingereza 31%, wenye hali duni kiuchumi 88%. Safu nyingine zina nyota tu badala ya namba. Shule aliyopo sasa ina kuhitimu 91%.

Kutoka 91 kwenda 45 inaonekana ni kumtupa mtoto. Je, ndivyo? Na hizi takwimu za aina ya wanafunzi zinaniambia nini?

---

Mzee_wa_Takwimu

Mkuu, anza na hiyo 45, maana ndiyo inayotisha wazazi na ndiyo inayosomwa vibaya kuliko zote.

Kiwango cha miaka minne kinahesabiwa kwa kanuni moja nchi nzima. Wanachukuliwa wote walioanza darasa la 9 kwa mara ya kwanza mwaka fulani, wanaongezwa waliohamia, wanatolewa waliohama kwa uthibitisho wa maandishi, walioondoka nchini na waliofariki. Wanaobaki ndio kundi la mwaka huo. Kisha unauliza wangapi kati yao walipata diploma ya kawaida kabla mwaka wa nne haujaisha. Kijana akihamia shule mbadala Januari ya darasa la 12 akiwa amepungukiwa krediti 80, saa yake haianzi upya. Anahesabiwa kana kwamba shule ile ilikuwa naye tangu darasa la 9. Na kule alikotoka anafutwa kwenye kundi. Kwa hiyo 91 ya shule kubwa na 45 ya shule ndogo si namba mbili zinazojitegemea: kila anayehamishwa akiwa nyuma huipandisha ya kwanza na kuishusha ya pili. Tazama pia kiwango cha wilaya nzima, maana huko wanafunzi wote wanabaki ndani ya hesabu.

Nikupe mfano wa kubuni. Tuseme kundi lina wanafunzi 40. Waliopata diploma ndani ya miaka minne ni 18: hiyo ndiyo 45%. Kati ya 22 waliobaki, 9 wanaendelea kusoma, 3 wamefaulu GED (mtihani wa cheti badala ya diploma), 10 wameacha. Mwaka wa tano 5 kati ya wale 9 wanamaliza, jumla 23, yaani 57.5%. Mwaka wa sita wanamaliza 2 zaidi, jumla 25, yaani 62.5%. Wale 3 wa GED hawahesabiwi kamwe kama wahitimu, ingawa wana cheti mkononi. Ukiona 45 pekee umeiona robo tatu tu ya kazi ya shule, na hujui lolote kuhusu wale 10 walioacha, ambao ndio wa kuuliziwa kwa ukali. Waliacha baada ya wiki mbili, au baada ya mwaka mzima wa kukaa pale bila krediti kuongezeka? Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Kwa kulinganisha tu, wastani wa taifa wa miaka minne ulikuwa 87% mwaka wa masomo wa 2021–22. Na sheria ya shirikisho ya 2015, ESSA, inazitaka majimbo kuiweka kwenye orodha ya usaidizi maalumu kila shule ya sekondari ya umma inayoshindwa kuhitimisha theluthi moja au zaidi ya wanafunzi wake. Shule mbadala nyingi zinaangukia humo kwa hesabu hiyo peke yake. Kuwemo kwenye orodha si amri ya kufungwa, ila shule inalazimika kuwa na mpango wa kuboresha. Uombe huo mpango usome. Ukikuta umejaa maneno ya jumla, bila shabaha ya krediti wala ya mahudhurio, hiyo ni habari mbaya kuliko 45%.

Sasa namba nyingine, haraka haraka.

118 ni picha ya siku moja: California huhesabu wanafunzi Jumatano ya kwanza ya Oktoba. Shule mbadala hupokea na kuachia watu mwaka mzima, kwa hiyo ulizia idadi ya jumla ya waliopita humo tangu Agosti hadi Juni. Ipo kwenye DataQuest, tovuti ya data ya idara ya elimu ya jimbo. Ikiwa waliopita ni mara mbili ya 118, basi asilimia zote za "aina ya wanafunzi" ulizoziona zinawahusu nusu tu ya watoto halisi.

3% ya hesabu: mtihani wa jimbo kwa sekondari hufanywa majira ya kuchipua ya darasa la 11. Waliofanya wakiwa 33, hiyo 3% ni mtoto mmoja. Mwaka kesho wakifaulu watatu utasoma 9% na magazeti yataandika imepanda mara tatu. Tena aliyeingia Februari akafanya mtihani Aprili anapima kazi ya shule nyingine zote alizopitia, si ya hii.

Nyota: kundi lenye wanafunzi 10 au pungufu hufichwa ili mtoto asitambulike. Kwa shule ya ukubwa huu, karibu kila mgawanyo mdogo utafichwa. Nyota haina maana kwamba kuna jambo baya.

88% ya wenye hali duni kiuchumi: neno hilo California ni pana kuliko kipato. Humo wamo pia watoto ambao wazazi wao hawakumaliza sekondari, wasio na makazi, na walio chini ya malezi ya serikali. Na tangu 2022–23 chakula cha shule ni bure kwa wote katika jimbo, kwa hiyo kula bure hakukuambii tena nani ana shida.

---

Bi_Zuhura_ushauri

Nakubaliana na Mzee, ila takwimu za shule zinajibu swali la shule. Swali lako ni la kijana mmoja, na hilo lina hesabu yake.

Darasa la muhula mmoja ni krediti 5. Madarasa sita ni 30 kwa muhula. Baada ya mihula mitano alipaswa kuwa na 150. Ana 95, amebaki nyuma 55. Akikaa alipo na asifeli hata somo moja katika mihula mitatu iliyobaki, atafika 185. Amepungukiwa 35. Kwa hiyo akibaki bila kuongeza kitu yeye naye hatakuwemo ndani ya ile 91%. Njia za kuziba 35 akiwa hapohapo ni shule ya kiangazi, kwa kawaida krediti 5 hadi 10 kwa kiangazi, darasa la saba asubuhi au jioni, au darasa la chuo cha jamii (chuo cha umma cha miaka miwili) linalohesabiwa sekondari na chuoni. Viangazi viwili havitoshi pekee. Kiangazi kimoja pamoja na darasa la ziada kila muhula kinakaribia: 10 na 15 ni 25, bado 10.

Upande wa shule mbadala: mwaka wa siku 180 ni wiki 36. Shule nyingi za aina hii huugawa katika vipindi vya wiki sita, yaani vipindi sita kwa mwaka. Vilivyobaki kwake ni tisa. Anahitaji 125, kwa hiyo krediti 14 kila kipindi, bila kipindi cha kulala. Swali la kumuuliza mkuu wa shule ni hili hapa, na usikubali jibu la "inategemea mwanafunzi": mwanafunzi wa katikati, si wastani wala yule bora, hupata krediti ngapi kwa kipindi? Akikuambia 15, hesabu inatoka. Akikuambia 8, kijana atafika 167, na pale alipo ni afadhali.

Jambo zuri la mfumo huu ni kwamba mara nyingi krediti hutolewa moja moja kadiri kazi inavyokamilika, si tano kwa mkupuo mwisho wa muhula. Aliyeugua wiki tatu hapotezi somo zima. Na ndiyo sababu tarehe ya kuhama ni muhimu: akihama katikati ya muhula, dai kwa maandishi krediti za sehemu kwa kazi aliyokwisha kufanya. Zikiachwa bila kuandikwa kwenye transkripti (rekodi rasmi ya masomo) zinapotea, na hakuna atakayezitafuta mwaka kesho.

Panapoharibika zaidi ni haya:

Saa. Kima cha chini cha masomo kwa shule hizi California ni saa 15 kwa wiki, yaani saa tatu kwa siku. Uliza ratiba kamili. Kijana anayetoka saa tano na nusu asubuhi bila kazi, bila programu ya ufundi, anaanza kupotea kwa siku moja moja. Utoro sugu ni kukosa 10% ya siku: siku 18 kwa mwaka wa siku 180, yaani mbili kwa mwezi. Haionekani nyingi mpaka zifike. Zaidi ya nusu ya wanafunzi kuwa na alama hiyo ni jambo zito, lakini wengi wao waliletwa pale kwa sababu ya utoro. Omba walinganishe: watoto haohao walikosa siku ngapi kabla ya kuja, na sasa wanakosa ngapi? Shule inayojua kazi yake itakuwa na namba hiyo tayari mezani.

Kozi za kompyuta. Hizi ndizo zinazozalisha krediti kwa kasi ya kutia shaka. Mtoto hupewa jaribio la awali, akipita kiwango anaruka sura nzima, majibu yanapatikana mtandaoni, na aljebra ya muhula inaisha kwa siku chache. Diploma itatoka, hesabu haitakuwepo kichwani, na pengo litajitokeza darasa la kwanza la hesabu chuoni au kwenye mafunzo ya ufundi umeme. Uliza: mtihani wa mwisho wa kila kozi unafanyika wapi na nani anasimamia? Mwalimu wa hesabu mwenye leseni ya hesabu yupo, au ni msimamizi wa chumba tu?

Chuo kikuu. UC na CSU, mifumo miwili ya vyuo vikuu vya umma vya California, hudai masomo ya orodha ya A-G yenye alama C au zaidi. D inakupa krediti za diploma lakini haihesabiki A-G. Shule mbadala nyingi hazina sayansi ya maabara wala mwaka wa pili wa lugha ya kigeni. Orodha ya kozi za A-G ya kila shule iko wazi mtandaoni, itafute kabla ya kusaini. Isipokuwepo, njia halali ni chuo cha jamii kisha kuhamia. Huko California anapokelewa mtu wa miaka 18 hata asiye na diploma, kwa hiyo mlango haujafungwa. Lakini ijulikane mapema.

Nenda ukae pale asubuhi moja. Angalia saa mbili na dakika kumi wangapi wameketi na wangapi bado wako nje getini. Angalia kama mwalimu anapita meza kwa meza na karatasi ya krediti ya kila mtoto, au yuko nyuma ya kompyuta yake.

---

Kaka_wa_Houston

Nyongeza kwa wasomaji wa majimbo mengine, maana kila jimbo lina kanuni zake na watu hunakili ushauri wa California bila kuangalia.

Texas shule ikitaka kupimwa kwa kanuni za shule mbadala lazima walau 75% ya wanafunzi wawe kwenye hatari ya kuacha masomo kwa tafsiri ya jimbo. Hapo huangaliwa pia kiwango cha kukamilisha, ambacho kinawajumuisha wanaoendelea kusoma na waliopata cheti cha mtihani wa kulingana na sekondari. Usikilinganishe na kiwango cha kuhitimu cha shule ya kawaida, maana kinahesabu watu wengi zaidi. Na usizichanganye na zile za nidhamu, DAEP: mtoto hukaa kwa siku alizopangiwa kisha hurudi, na matokeo yake hubaki kwenye hesabu ya shule alikotoka. DAEP isiyo na kiwango cha kuhitimu haijaficha kitu.

Umri pia: Texas wilaya inaweza kumpokea mtu hadi kabla ya miaka 26 ili amalize diploma. New York City haki ya kusoma inafika mwisho wa mwaka wa masomo anaotimiza 21, diploma ni krediti 44 kwa mfumo wao, na shule zao za uhamisho zimeanzishwa hasa kwa waliozidi umri na kupungukiwa krediti. Huko tazama kiwango cha miaka sita.

California shule huomba hadhi ya shule mbadala inayoitwa DASS: walau 70% ya wanafunzi wawe kwenye makundi ya hatari, kama vile waliofukuzwa, wajawazito na wenye watoto, waliokuwa wameacha shule, wenye upungufu wa krediti, wasio na makazi. Aina fulani za shule zinaingia moja kwa moja. Kwa hizo jimbo lina pia kiwango cha mwaka mmoja: kati ya waliokuwa tayari kwa mwaka wa mwisho, wangapi wamehitimu. Kwa mkuu aliyeuliza, hicho ndicho kinachokaribia zaidi hali ya kijana wake.

---

MleziWaKijana

Asanteni sana wakuu, hasa hesabu ya 14 kwa kipindi. Mawili yamebaki. Kijana bado anahesabiwa kama anayejifunza Kiingereza, je, atapoteza msaada huo? Na akienda asipopaona pazuri, anaweza kurudi? Tuliingia Marekani akiwa darasa la 9, tunaishi kwa shemeji yangu, familia mbili nyumba moja tangu kodi itushinde.

---

Wakili_wa_Wazazi

Ndugu, hiyo sentensi yako ya mwisho ni nzito kuliko ulivyodhani. Nianze nayo.

Kwa sheria ya shirikisho ya McKinney-Vento, familia inayoishi kwa jamaa kwa sababu imepoteza makazi au imeshindwa kodi inahesabiwa kuwa haina makazi. Si lazima uwe unalala kwenye gari. Kila wilaya ina afisa wa kushughulikia watoto hawa. Mtafute wiki hii. Kijana anapata haki ya kubaki katika shule yake ya asili na usafiri wa kumfikisha, na ya kuandikishwa papo hapo hata nyaraka zikipungua.

Na California ina kifungu cha 51225.1 cha sheria ya elimu. Mwanafunzi asiye na makazi aliyehama shule baada ya mwaka wa pili wa sekondari, ambaye hawezi kutimiza madai ya ziada ya wilaya ndani ya miaka minne, anaweza kusamehewa hayo ya ziada na kuhitimu kwa masharti ya chini ya jimbo, ambayo ni kozi 13 za mwaka mzima. Hizo ni krediti 130, si 220. Diploma ni ya kawaida. Kifungu hicho kinawagusa pia watoto wa wafanyakazi wa mashamba wanaohamahama na wageni walio kwenye programu ya wageni wapya wakiwa darasa la 11 au 12. Kama hahitimu kwa njia hiyo, anaweza kupewa mwaka wa tano. Tahadhari ni moja: kozi zinazosamehewa zinaweza kuwa zilezile za A-G, kwa hiyo mshauri lazima akuonyeshe kwa maandishi kijana atakosa nini kabla hujakubali. Kwa mwenye 95 na mihula mitatu mbele yake, kabla ya kuamua chochote kuhusu shule mbadala, hili liulizwe kwanza: amewahi kuhama shule baada ya darasa la 10, na kuhama huku kwenda shule mbadala kutahesabiwa?

Kiingereza: haki haibaki nyuma kwenye shule aliyotoka. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa Lau v. Nichols wa 1974, wilaya inawajibika kumpa msaada wa lugha popote ilipomweka. Kinachotokea ni kwamba shule ya walimu saba inaweka "Kiingereza" kwenye programu ya kompyuta na kuandika kwamba huduma ipo. Uliza jina la mwalimu, kipindi cha siku na dakika. Ile 31% yako ilinganishe na asilimia ya wilaya. Ikiwa wilaya ina 12% na shule mbadala ina 31%, uliza kwa nini watoto wetu wanaelekezwa huko kwa wingi. Kuna watoto wa Kikongo na Kirundi wanaobaki nyuma kwa krediti si kwa uzembe, bali kwa sababu waliwekwa katika madarasa ya lugha yaliyokula nafasi ya masomo yanayodaiwa. Hiyo ni kasoro ya ratiba, na dawa yake ni ratiba. Ukiona ubaguzi, malalamiko kwa ofisi ya haki za kiraia ya idara ya elimu ya shirikisho hupelekwa ndani ya siku 180.

Kama kijana ana IEP (mpango wa elimu maalumu kwa mwenye ulemavu), hakuna wa kumhamisha kwa barua ya mshauri peke yake. Kikao cha IEP ndicho kinachoamua.

Kurudi: California aliyehamia shule ya aina hii kwa hiari ana haki ya kurudi shule ya kawaida mwanzo wa mwaka wa masomo unaofuata. Aliyehamishwa bila hiari lazima apewe notisi ya maandishi na nafasi ya kikao kabla ya uamuzi, na uhamisho una ukomo. Kwa hiyo kwenye fomu angalia neno "hiari" limeandikwa au la. Usisaini fomu ambayo sehemu hiyo iko tupu.

---

MleziWaKijana

Sikujua kabisa habari ya makazi. Kesho napiga simu. Aliwahi kubadili shule Oktoba ya darasa la 11, tulipohamia kwa shemeji.

---

Bi_Zuhura_ushauri

Basi beba ushahidi wa tarehe ya kuhama na transkripti ya shule zote mbili. Msamaha huo huombwa kwa wilaya, na wilaya inapaswa kuwa imekujulisha ndani ya siku 30 tangu ahamie. Kama haikukujulisha, haki haijaisha.

Beba pia ripoti za shule alikosoma kabla ya Marekani, hata za kambini, hata kama ni za kidato cha kwanza tu. Masomo ya sekondari ya nje yanaweza kutathminiwa na kupewa krediti, na familia nyingi hazikuulizwa siku ya kuandikishwa. Nyaraka zikiwa za Kifaransa au Kiswahili, omba wilaya itafsiri. Wilaya nyingine hutoa krediti za lugha ya kigeni kwa mtihani wa Kiswahili, uliza kama yenu inao.

Na angalia tarehe ya kuzaliwa kwenye rekodi. Wengi waliopitia ukimbizi wameandikwa 1 Januari. Ikiwa makaratasi yanamfanya mkubwa kuliko alivyo, miaka iliyobaki ya kusoma bure nayo inapungua kwenye kompyuta ya wilaya.